Kebo Iliyopelekwa Karen

Karen,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Baba Mdogo Hezekiah Ochola,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, kile kikohozi cha Desemba kiliisha. Goti lako je? Na akina mama wa saluni hapo Kenyatta Market bado wanakuletea draya zilizoungua, au siku hizi wananunua mpya? Nisalimie mama mwenye nyumba, umwambie sijasahau maombi yake.

Usishangae kuona Kiswahili tena. Sista Mwikali, mlezi wetu sisi wanovisi tunaojifunza utawa, husoma barua kabla hazijatoka na kabla hazijaingia, naye ni Mkamba, Kijaluo hajui hata salamu. Simu hatuna mpaka mwaka huu wa unovisi uishe. Barua tunaandika na kupewa Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, kwa hivyo ukiona kimya usidhani ni kiburi.

Baba Mdogo, niliandika jambo moja mwezi wa kumi na moja na hukulijibu, basi naliandika tena. Tarehe 15 Agosti, Mungu akipenda, nitaweka nadhiri za kwanza. Desturi ya nyumba hii ni mzazi aandike kwa mkono wake kwamba amemtoa binti kwa hiari, na siku yenyewe asimame naye kanisani. Wewe ndiye umenilea tangu baba na mama wafariki, sina mwingine. Bila barua yako Sista anaona heri ningoje mwaka mwingine. Nakuomba uniambie utaandika au hutaandika.

Kuna na lingine, la kazi. Tuna stesheni ndogo ya hali ya hewa shambani, inapima mvua na upepo, ilitolewa zawadi na mgeni fulani. Inatuma hesabu zake kwa kompyuta ya ofisi kupitia kebo ndefu, ile ya vichwa vya pini tisa. Panya wameitafuna. Sista aliposikia nimelelewa kwa fundi, kazi ikawa yangu. Unaweza kutengeneza mpya?

Ni mimi mwanao,
Ivyne


Riruta,
11 Februari 2025

Mama,

Umebeba jina la mama yangu, nikuite nani tena? Salamu nyingi. Goti linauma nikipanda ngazi, kwa hivyo sipandi ngazi. Draya zinaungua vizuri, Mungu asifiwe. Mwenye nyumba ameongeza bei ya maji na anakusalimia.

Sista Mwikali, najua uko hapa unasoma, habari ya kazi.

Hiyo kebo ni kitu ya kawaida, lakini usidhani kila kebo ya pini tisa ni sawa. Hizo zinauzwa madukani Luthuli zinafanana kwa nje kama mapacha na ndani kila moja na mambo yake. Fungua ile imetafunwa, kofia za vichwa vyote viwili. Angalia kila waya inatoka pini gani upande wa kompyuta, na inaingia pini gani upande wa stesheni. Niandikie na rangi. Usikisie! Ukikisia nitajua. Pia pima urefu kutoka nguzo hadi mezani, uongeze kidogo ya kukunja.

Uliuliza mbona Novemba sikuja siku ya wageni. Mama, wageni wenu ni Jumapili. Sisi Wasabato tunapumzika Jumamosi, na Jumapili Kenyatta Market imejaa watu wa nyama na watu wa nywele, ndiyo siku yangu ya kula. Ningefungaje kibanda?

Hapa nyumbani kumetulia. Radio naiacha ikiongea.

Wako,
H. Ochola


Karen,
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Pole kwa goti, jipake ile dawa ya kijani. Sisi tuko salama. Tumepanda maharagwe tukingoja mvua, na mimi nimejifunza kupika githeri ya watu arobaini, kwa hivyo usiseme tena sijui kupika.

Kebo nimefungua kama ulivyoagiza, na sijakisia. Waya nyeusi iko pini ya tano huku na ya tano kule. Nyekundu iko pini ya pili upande wa kompyuta, upande wa stesheni iko ya tatu. Nyeupe iko pini ya tatu upande wa kompyuta, na kule iko ya pili. Nyingine hazijaunganishwa na kitu. Urefu ni mita kumi na tano ukiongeza ya kukunja. Nimekuchorea chini ya karatasi.

Februari kulikuwa na siku ya wageni tena. Najua ulikuwa kazini.

Ile barua ya ridhaa hujaigusa. Nimesoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta hata neno moja. Kama umekataa, sema umekataa. Mimi si mtoto wa kudanganywa na draya.

Kwaresima inaanza wiki hii, kwa hivyo hakuna barua ya kuingia wala kutoka mpaka Pasaka. Vifurushi vya kazi vinapokelewa langoni.

Mwanao,
Ivyne


Riruta,
3 Aprili 2025

Mama,

Salamu. Mvua imeanza, na bati la kibanda linapiga kelele mpaka siwasikii wateja, wananiambia kwa mikono.

Kebo ndiyo hii. Nimeijaribu mara mbili, waya zote zinapitisha umeme, hakuna iliyokatika. Vichwa nimechomelea mwenyewe, sikumpa mtu. Nimeivalisha na mpira mgumu, panya atavunja meno. Uichomeke kompyuta ikiwa imezimwa, halafu uwashe stesheni kwanza.

Ikikataa, usiende kutafuta vijana wa mitaani waje kuichezea. Uniambie mimi.

H. O.


Karen,
Jumapili, 4 Mei 2025

Baba Mdogo,

Kristo amefufuka. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Hapa mvua ni ya kumwaga, maharagwe yamekuwa ya manjano na Sista analalamika kila asubuhi kwamba tungejua kipimo tungechimba mitaro mapema.

Kebo ilifika, lakini kikaratasi chako nilikipata baada ya Pasaka. Mlinzi wetu, Musili, aliniambia ililetwa na mzee mrefu wa kofia ya kahawia, akaambiwa aingie anywe chai, akakataa, akasema ana haraka. Nikamuuliza huyo mzee alikuwa anachechemea? Akasema kidogo. Sitasema mengi juu ya hilo.

Kebo haifanyi kazi. Nimeichomeka kama ulivyosema. Kompyuta iko kimya, skrini inaandika tu kwamba hakuna kinachosikika. Nimeangalia namba ya poti, lile tundu la kuchomeka kebo, ni yenyewe. Nimeangalia mwendo wa kutuma wa pande zote mbili, ni elfu tisa na mia sita huku na kule. Kulikuwa na programu nyingine ya zamani imeshikilia hiyo poti, nikaifunga, bado. Nimezima na kuwasha. Nimesali, na hilo pia nimelijaribu.

Unaona nini wewe?

Wageni ni tarehe 25 mwezi huu. Agosti inakuja, na Sista ameuliza tena habari ya barua yako. Nilimwambia unafikiria. Je, unafikiria?

Mwanao,
Ivyne


Riruta,
13 Mei 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa Sista Mwikali, ambaye sasa ni kama tumejuana.

Usivunjike moyo. Fanya kipimo hiki. Kichwa cha upande wa kompyuta kiache mahali pake. Cha upande wa stesheni kichomoe. Chukua klipu ya karatasi, ikunjue, iingize tundu la pili na la tatu kwa pamoja ziguse. Halafu fungua ile programu ya kutuma maandishi kwa poti, uandike jina lako. Kama jina lako linarudi kwa skrini, basi kompyuta ni nzima na waya ni nzima. Kama halirudi, shida ni ya kebo na ni aibu yangu.

Lakini nakuambia litarudi. Na likirudi, jua shida iko ndani ya stesheni yenyewe, na hiyo huwezi kutengeneza kwa barua. Itabidi fundi aje aione kwa macho. Sista Mwikali, hapa nakuomba wewe: andika karatasi ndogo ya kuita fundi, siku yoyote isipokuwa Jumamosi, nitafika na vifaa vyangu. Hata chai sitaki. Nahitaji siku nzima tu, pengine mbili, na mtu wa kunishikia taa ambaye anajua vifaa.

Tarehe 25 kuna kazi nyingi sana.

H. Ochola


Riruta,
20 Juni 2025

Mama,

Jumapili ya kwanza ya Juni imepita na sijapata kitu. Posta nimeenda mpaka yule dada wa dirishani ananiambia hapana kabla sijauliza. Ni barua imepotea, ama wewe ni mgonjwa? Ama Sista amekataa habari ya fundi?

Baridi imeanza. Blanketi lako zito ulichukua?

Uniandikie.

H.


Karen,
Jumapili, 6 Julai 2025

Baba Mdogo,

Barua hii Sista Mwikali hajaisoma. Nilimwomba nifunge bahasha mwenyewe, akanitazama weee, kisha akasema, "Funga."

Salamu zitakuja baadaye. Si mgonjwa, na hakuna barua iliyopotea. Juni sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kubwa kuliko karatasi.

Jina langu lilirudi kwenye skrini siku ile ile. I-v-y-n-e, herufi moja moja. Nikashangilia peke yangu ofisini. Nilikuwa tayari kwenda kwa Sista kusema shida ni ya stesheni, aite fundi. Nilifika mlangoni nikarudi kukaa. Nimekua chini ya meza yako, Baba Mdogo. Nikiwa darasa la nne ulinifundisha kwamba pini moja ni mdomo na nyingine ni sikio, na mdomo wa huyu lazima uende kwa sikio la yule, la sivyo wote wanaongea na hakuna anayesikia. Kile kipimo cha klipu kinapita hata kama waya hazijapishana. Na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Nikafungua kofia za kebo yako. Nyekundu, ya pili kwa ya pili. Nyeupe, ya tatu kwa ya tatu. Mchoro wangu wa Machi, unaozipishanisha, ulikuwa nao mkononi. Mtu akikosea kwa haraka, kazi huonekana ni ya haraka, risasi ya kuchomelea imemwagika, waya imechunwa ovyo. Yako ilikuwa safi, imekaza, inang'aa. Hukukosea. Ulikaa kwenye kile kistuli ukachomelea kitu kisichofanya kazi, kwa uangalifu wako wote.

Mwanzoni nilidhani unataka nishindwe, nionekane mjinga, nifukuzwe. Nilibeba hilo wiki nzima, nalala nalo. Halafu nikasoma tena barua zako nikaelewa. Ulitaka uitwe. Ulitaka upite hili lango na sanduku la vifaa mkononi, fundi aliyeitwa kazini. Ukija kama mzazi wa mnovisi, itakuwa umekubali.

Sasa nikwambie mahali ninapokaa Jumapili za wageni. Kuna benchi chini ya dirisha la chumba cha wageni. Wenzangu wanajiwa na watu wao, chapati, soda, watoto wanakimbia huku na huku. Mimi hukaa hapo nikisema labda ni foleni ya Ngong Road, labda amefunga kibanda amechelewa. Novemba nilikaa. Februari nilikaa. Mei nilikaa, barua yako ya kusema una kazi nyingi sana ilikuwa bado haijanifikia, nikasema huyu namjua, atakuja tu. Mama yake Nduku, mnovisi mwenzangu, huniwekea paja la kuku kwenye sahani, nashukuru, na ile nyama haishuki.

Hata kebo nimekusamehe. Kinachoniuma ni Aprili. Siku ile uliyomwachia Musili kifurushi, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta ule ule napalilia maharagwe. Ungeita jina langu ningesikia.

Kebo nimeshaitengeneza. Musili aliniazimia chuma cha kuchomelea kwa rafiki yake, nikapishanisha waya upande mmoja, Sista Mwikali akanishikia kichwa cha kebo kwa koleo huku amefumba macho akiogopa cheche. Sikumwambia chochote, nilisema ni kosa dogo ambalo hutokea. Sasa kompyuta inasoma kila kitu. Kwa hivyo fundi hahitajiki tena.

Jumapili tarehe 27 ndiyo siku ya mwisho ya wageni kabla ya nadhiri. Njoo au usije, lakini sanduku la vifaa uliache nyumbani.

Blanketi ninalo. Nakusalimu sana.

Ivyne


Riruta,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mama,

Sista Mwikali, kama unasoma, soma tu. Mimi sina siri tena na huyu mtoto amenimaliza.

Ile Jumapili nilifika nyumbani salama, goti na yote. Chapati zako nilikula mpaka Jumanne. Najua tulikaa pale kwenye benchi tukaongea habari ya mvua na bei ya unga, na wewe ukawa unaniangalia ukingoja niseme kitu, na sikusema. Sasa nasema. Kalamu haina mdomo wa kutetemeka.

Kuna kitu hujui. Sikuja kukutembelea. Nilikuja kukuchukua. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyarudia kibandani mpaka dada wa saluni akaniuliza naongea na nani. Ningekuambia, mama, twende nyumbani, chumba chako kiko vile ulikiacha, hawa watu ni wazuri lakini si wetu, na mimi nazeeka. Hayo tu. Nilijua yatatosha.

Basi nikafika mapema, wewe bado uko jikoni, Musili akanipitisha upande wa nyuma. Nikakuona kabla hujaniona. Wewe na huyo Nduku mlikuwa mmebeba sufuria kubwa, mmoja huku mmoja kule, mchuzi ukawamwagikia kwa viatu. Mkacheka! Mkacheka mpaka mkaiweka sufuria chini, wewe ukashika ukuta. Nilisimama pale na kofia mkononi. Tangu mke wangu, mama yako mdogo Mercyline, afariki, sijawahi kusikia hicho kicheko kwa nyumba yangu. Kwangu ulikuwa unatabasamu, kwa adabu, ukiniangalia kama nimekula. Nilidhani hivyo ndivyo ulivyo.

Hapo nikaogopa. Sikuogopa kwamba utakataa kurudi. Niliogopa kwa sababu najua ungekubali. Ningesema yale maneno, na wewe ungevua hiyo nguo yao, ubebe mfuko, urudi Riruta unipikie, kwa huruma. Na ungetabasamu kila siku mpaka nife. Kwa hivyo nikasifu chapati.

Barua ya Sista iko ndani ya bahasha hii, nimeiandika kwa mkono wangu. Inasema mimi Hezekiah Ochola namtoa Ivyne, binti ya marehemu ndugu yangu, ambaye ni binti yangu, na hakuna mtu amenilazimisha. Nilirudia hiyo karatasi mara nyingi kwa sababu kila nikifika kwa neno "namtoa" mkono unakataa. Leo naileta mwenyewe, na nitaingia ndani, nimpe mkononi. Chai nitakunywa.

Lakini usidhani nimekubali kwa furaha, nisikudanganye tena. Naumia. Kanisani watu walikuwa wakiniuliza Ivyne yuko wapi, nami nasema yuko chuo Eldoret, anasomea uhasibu. Mwaka mzima nimewadanganya Wasabato wenzangu. Jana nilisimama wakati wa ushuhuda nikasema ukweli, mtoto wangu anakuwa mtawa wa Kikatoliki. Watu wakageuka kuniangalia. Halafu mzee Oyoo akasema, "Basi tumwombee," na wakaomba, wengine kwa sauti ya chini sana.

Tarehe kumi na tano nitasimama na wewe. Koti nimeazima kwa Wahome anayeuza nyama buchari, linanibana mabega lakini litafungika. Usiniangalie sana pale mbele, maana nitalia, na nikilia watu watasema Wajaluo wanapenda maonyesho.

Jioni nikifunga kibanda sina haraka ya kufika nyumbani, huo ndio ukweli. Napitia njia ndefu. Mwaka huu wote kitu kimekuwa kikiniamsha ni kufikiria nitakuandikia nini juu ya hiyo kebo, ni pini gani nikuulize, ni kipimo gani nikupe. Na sasa inafanya kazi.

Uniandikie, mama, hata kama hakuna kitu imeharibika.

Baba yako,
Hezekiah